Mkono Kabla ya Mdomo

Mnunuzi wa maksai anayeijua kazi yake haulizi bei akifika. Anasalimia kwanza. Katika magulio ya ukanda wetu, kuanzia Lamadi kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, kuja Mkula, kisha Ngasamo na Dutwa hadi Bariadi mjini, biashara hupitia kwenye salamu, na salamu ya Msukuma haina haraka: mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, halafu nyumbani, halafu watoto, halafu mvua. Mdomo ukiwa bado kwenye mvua, macho yameshaingia kazini. Yanaangalia mnyama anavyosimama, kama ameugawa uzito sawa kwenye miguu minne au kuna mmoja anaouhurumia. Mnunuzi anazunguka nyuma. Anapitisha kiganja shingoni na begani, mahali nira inapokaa, akitafuta uvimbe au kovu, kwa sababu kidonda kilichopona vibaya kitafunguka tena msimu wa kulima ukianza. Anamfunua mdomo na kuhesabu meno ya mbele: yakiwa makubwa mawili, ni mnyama wa miaka miwili na kitu, yakitimia manane, amekomaa, ana minne au mitano. Anaomba atembezwe. Ndipo anauliza swali ambalo mgeni hangelifikiria: huyu analima kulia au kushoto? Maksai aliyefundishwa upande mmoja wa nira hahamii upande wa pili kirahisi, na mtu anayemtafutia mwenzi maksai wake wa nyumbani anaweza kurudi na mnyama mzuri sana asiyemfaa.

Bei inakuja baada ya hayo yote.

"Haya baba, nitajie."

"Milioni moja na laki tatu, kijana wangu. Maongezi yapo."

"Mnyama ni mzuri, sikatai. Ila hilo bega la kushoto limefanya kazi sana."

"Limefanya kazi kwa sababu analima. Asiyelima bega lake laini."

"Kweli baba. Laki tisa na nusu, nakupa sasa hivi."

"Bado hujamwona. Mzunguke tena."

Na kijana anamzunguka tena, kwa sababu mzee ana haki ya kudai hivyo. Kila laki inayopanda au kushuka katika mazungumzo haya imefungwa kwenye kitu kinachoonekana na kushikika: bega, jino, mwendo. Hakuna anayerusha namba tupu. Mwisho watakutana mahali fulani kwenye milioni na kidogo, watashikana mikono, kamba itahama, na wote wawili wataweza kueleza nyumbani kwa nini bei imekuwa ile.

Huu ni ufundi, na ninausifu kama ninavyousifu ufundi mwingine wowote. Huku Usukumani tunawakumbuka kwa majina manju wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu ambao nyimbo zao zilivuka wilaya. Tunamjua mhunzi, tunamjua mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji. Mnunuzi hodari wa ng'ombe hatungiwi wimbo. Lakini siku moja kabla ya gulio watu humfuata kwake na kumwambia, kesho twende wote ukaniangalizie. Sijui shahada kubwa kuliko hiyo.

Wageni wengi wanaosafiri hupewa kanuni fupi: ukitajiwa bei, wewe taja nusu, kisha jifanye unaondoka. Kanuni hiyo ni ya mtu asiyekijua kitu. Nusu ya nini? Muuzaji aliyezoea wageni ameshaiongeza hiyo nusu kabla hujafungua mdomo, na aliyetaja bei ya haki ataona umemtukana. Kununa, kupaza sauti na kuondoka mara tatu ni kelele za mtu ambaye mikono yake haijamwambia lolote. Aliyekishika kitu akakijua hahitaji kuondoka. Anaweza kukaa hapo hapo, akaongea taratibu, akaonyesha kidole.

Ni hivyo hivyo mbele ya mafungu ya dagaa wanaopanda kutoka Ghuba ya Speke. Mnunuzi anayejua anachukua mmoja, anamvunja, anamtafuna. Dagaa waliokaushwa chini wana mchanga na jino linausikia. Waliokaushwa juu ya vichanja ni safi, na mama anayewauza anajua tofauti hiyo kuliko mnunuzi yeyote. "Mayu, hawa ni wa kichanja?" Akisikia hivyo anajua anaongea na mwenzake. Hapo bei ya fungu haishuki, ila mkono wake unarudi kwenye beseni na kuongeza wachache juu. Ninaipenda sana nyongeza hii. Bei yake imebaki ilivyo mbele ya wateja wengine, nawe umepata zaidi, na kesho utarudi. Anayemkaba mama wa mafungu kwa shilingi mia moja simhesabu miongoni mwa mafundi, hata akishinda.

Kuna upande mwingine wa ufundi huu ambao wakulima wetu wamejifunza kwa hasara, nao ni kipimo. Unaweza kupatana bei nzuri ya gunia kisha ukapoteza yote kwenye gunia lenyewe, likishonewa kilemba juu na kuwa lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza, gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupita kukagua. Lakini mchuuzi akifika kijijini na fedha mkononi wakati ada za shule zinadaiwa, mkulima anajikuta akiuza kwa idadi ya magunia na akili yake yote iko kwenye bei. Fundi wa kweli anauliza kwanza, tunapima kwa nini?

Pamba ndiyo iliyotufundisha swali hilo. Simiyu, mkoa wetu, ni mchanga, ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo wilaya yetu ya Busega ilikuwa sehemu ya Magu mkoani Mwanza, na Bariadi ilikuwa Shinyanga. Lakini pamba ya eneo hili ni ya zamani, na leo mkoa huu unaongoza nchini kwa kuizalisha. Ajabu ni kwamba mtu yule yule anayeweza kutumia asubuhi nzima kwa bei ya maksai mmoja, pamba yake yote ya mwaka anaipeleka kwenye kituo cha chama cha ushirika, AMCOS, kwa bei ambayo imeshatangazwa. Hakuna wa kumwambia "maongezi yapo." Inabaki kuitenga pamba safi na pamba fifi, na inabaki mizani.

Wazee walilijua hilo mapema. Enzi za ukoloni, wanunuzi wa pamba walikuwa na mizani yao, na mkulima aliondoka kituoni akihisi kilo zake zimebaki nyuma bila uwezo wa kuthibitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, alizunguka Usukumani akiwaunganisha wakulima katika vyama vyao. Moja ya mambo ya kwanza waliyofanya lilikuwa kuweka wapimaji wao wenyewe kuhakiki mizani ya mnunuzi. Hawakuanza kwa kudai bei. Walianza kwa kudai uzito wa kweli. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, na kabla ya uhuru lilikuwa limeshika pamba yote ya Jimbo la Ziwa. Mtu akiniuliza mapatano makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa huku, nitamtajia hayo.

Nimeanza na maksai na pamba kwa sababu vijana wetu sasa wanakwenda kufunga mzigo China, na wengi huondoka wakiamini wanakwenda kwenye dunia ambako ya nyumbani hayawezi kuwasaidia. Kwa miaka mingi bidhaa za China zilifika kwetu kabla mtu wa kwetu hajafika China. Msimu wa pamba ukiisha vizuri, baba alirudi na baiskeli ya Phoenix iliyotengenezwa Shanghai. Baadaye zikaja pikipiki za SanLG, sola, simu, ndala, mabegi ya shule. Mwenye duka wa Lamadi au Bariadi alizifuata Mwanza au Kariakoo, na wa Kariakoo alizifuata Guangzhou na Yiwu. Siku hizi wapo wanaoruka ngazi hizo: wanachanga wawili watatu, mmoja anapanda ndege.

Anashukia katika mji wa watu zaidi ya milioni 18. Guangzhou imepokea wafanyabiashara wa kigeni kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Maonyesho ya Canton hufanyika hapo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, siku hizi Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba. Waafrika wengi hufikia Xiaobei, ambako utasikia Kiswahili, Kilingala na Kiigbo kwenye ngazi moja. Nguo zilizoshonwa ziko Baima, karibu na stesheni ya reli. Viatu na saa barabara ya Zhanxi. Mabegi na ngozi Sanyuanli. Marumaru na samani ni safari ya jirani, Foshan. Vifaa vya umeme na simu ni Huaqiangbei huko Shenzhen. Na mwenye kutaka vitu vidogo vidogo vya kila aina, vijiko, vifungo, mapambo, midoli, anapanda treni hadi Yiwu katika jimbo la Zhejiang, kwenye soko lenye vibanda kiasi cha 75,000. Ukisimama dakika moja tu kwa kila kibanda, saa nane kwa siku, utatoka baada ya miezi mitano.

Siku ya kwanza hapo, usinunue. Ninalisema hili kwa nguvu zote nilizonazo. Zunguka, kama unavyomzunguka maksai. Shika begi lile lile katika vibanda kumi, sikia bei kumi, usijibu. Utagundua kwamba begi lile lile si lile lile. Zipu moja inateleza, nyingine inakwama kwenye kona. Bitana moja imeshonwa mara mbili, nyingine imebandikwa kwa gundi. Kwa macho ni mapacha, kwa kiganja ni vitu viwili, na bei zake mbili ni za haki zote.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya gulio letu na soko la jumla la China, tofauti iliyowaumiza watu wengi kuliko wizi wowote. Maksai unayempatania Mkula yuko mbele yako, amekamilika. Ukishusha bei yake kwa laki mbili, maksai habadiliki. Hapunguzi jino wala mguu. Lakini kitu unachokipatania Guangzhou, mara nyingi, bado hakijatengenezwa. Ulichoshika ni sampuli. Mzigo wako utatengenezwa baada ya wewe kuondoka, kwa bei uliyoibana. Mwenye duka hatakukatalia. Atatazama kikokotoo, atafikiri kidogo, atakubali, na kiwanda kitatafuta ile fedha mahali ilipo: kwenye unene wa kitambaa, kwenye uzi, kwenye zipu, kwenye shaba iliyo ndani ya waya. Unarudi nyumbani ukijisifu umemshusha Mchina, kumbe umeishusha bidhaa yako mwenyewe.

Kwa hiyo huko unapatana kitu kwanza, kisha bei. Unamwambia: nataka fulana ya pamba tupu, gramu 180 kwa mita ya mraba, mshono wa bega uwe na utepe, shingo isilegee. Akisema bei yake, unaijadili bei ya fulana hiyo. Akishuka haraka mno, usifurahi. Uliza umepunguza nini. Gramu 180 ikiwa 140, fulana inapitisha mwanga na inapinda baada ya kufuliwa mara chache, na mteja wa Dutwa aliyeinunua hatamlaumu mtu wa kiwandani asiyemjua. Atakulaumu wewe.

Na katika hilo la pamba, mtoto wa mkulima wa Mkula ana kitu ambacho wengi hawana. Kuna soko la vitambaa liitwalo Zhongda, katika wilaya ya Haizhu, ni mitaa na mitaa ya majora, vitambaa vingine vikiuzwa kwa mita na vya kufumwa vikiuzwa kwa kilo. Wauzaji wanasema kila kitu ni pamba. Lakini mkono uliochambua pamba tangu utotoni, ukaitenga safi na fifi, una kumbukumbu yake. Pamba ina ubaridi fulani na haitelezi. Ukiwa na shaka, omba kipande, chomoa uzi, uwashe moto: pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu, poliesta inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akikuona unafanya hivyo hatakasirika. Atavuta kiti. Ninaamini kabisa kwamba vijana wetu wangefanya biashara ya nguo kwa ushindani mkubwa kama wangejua kwamba ule usumbufu wa kuchambua pamba ya baba ulikuwa mafunzo.

Nyaya zina kipimo chao pia: kwangua ncha kwa kisu, kama chini ya rangi ya shaba kunang'aa weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, nayo kwenye nyumba ya mtu ni hatari ya moto. Sola ipime kwa mita juani, usiamini wati zilizoandikwa nyuma. Ndala ikunje hadi kisigino kiguse ncha.

Lugha haiwi kizuizi kikubwa kama watu wanavyohofia. Kikokotoo kinapita kutoka mkono hadi mkono, huyu anaandika 38, yule anafuta na kuandika 26, na simu inatafsiri yaliyobaki. Lakini jifunze namba za vidole, kwa sababu Wachina huhesabu moja hadi kumi kwa mkono mmoja na ishara zao zinaweza kukugharimu. Kidole gumba na cha shahada vikinyooshwa pamoja, wewe utaona mbili, na yeye amesema nane. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Ncha za gumba na vidole viwili zikikutanishwa ni saba. Kidole cha shahada kikipindwa kama ndoana ni tisa. Na mwite muuzaji laoban, yaani mwenye duka, kama sisi tunavyoitana bosi dukani. Wageni wote huitwa rafiki na huita rafiki. Aliyejifunza laoban ameonyesha kwamba amekuja kufanya kazi.

Vidole vina historia ndefu katika ufundi huu, na nikiifikiria ninaona kwamba sisi na wao tumekuwa karibu muda mrefu. Katika minada ya mifugo ya China ya zamani, madalali walipatana bei kwa kugusana vidole ndani ya mikono mipana ya kanzu zao, ili waliosimama pembeni wasijue. Madalali wa Kisomali huko Garissa na kwingineko wamefanya hivyo hivyo chini ya shuka, na wafanyabiashara wa lulu wa Ghuba ya Uajemi walifanya chini ya kitambaa. Sababu ni ya busara. Bei iliyosemwa hadharani inamfunga msemaji. Akishuka, anashuka mbele za watu. Iliyosemwa kwa vidole inaweza kurudi nyuma bila aibu ya mtu. Ndiyo maana hata leo, Mkula au Guangzhou, ukitaka muuzaji akupunguzie sana, usimwombe mbele ya wateja wengine. Subiri waondoke. Shusha sauti.

Mgeni anahitaji mtu wa kumshika mkono, na hapo napo pana ufundi. Kariakoo tuna mawinga, wanaokupeleka dukani na kuweka cha juu chao kwenye bei bila wewe kukiona. Guangzhou wapo pia, na wengine ni ndugu zetu waliokaa huko miaka mingi. Simchukii winga, anajua njia na njia ina thamani. Ninachokataa ni cha juu kilichofichwa. Lipa ujira uliotajwa wazi, kwa asilimia au kwa siku, na mwambie hivyo kabla hamjatoka hotelini, kwa sababu anayelipwa na wewe na pia na mwenye duka hawezi kukwambia kwamba zipu ni mbovu.

Pwani yetu iliwahi kulipangia jambo hili utaratibu mzuri. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba meli ikitia nanga, vijana wa mji walikwenda kuilaki na vyakula vilivyofunikwa, kila mmoja akimchagua mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au aliyemuuzia bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Msafiri huyo huyo baadaye aliandika pia habari za Guangzhou, aliyoiita Sin Kalan. Ninaurudia mara nyingi utaratibu ule wa Mogadishu kichwani. Mji mzima ulikubali kwamba kumpunja asiyejua hakuitwi biashara.

Bei ya dukani si bei ya kitu, na hapa wengi hukwama kwa haraka. Mzigo wa meli unalipiwa kwa ujazo, sibiemu, na kontena la futi 40 linabeba kiasi cha sitini na kitu hizo. Ndoo za plastiki zisizopachikana ni hewa unayoilipia nauli hadi Dar es Salaam. Zinazopachikana zinakupa faida ambayo hakuna maneno yangekupa dukani. Kisha kuna ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, asilimia 25 kwa bidhaa nyingi zilizokamilika na, tangu Julai 2022, 35 kwa baadhi yake, halafu VAT ya asilimia 18, halafu wakala wa bandarini, halafu lori hadi kwetu. Piga hesabu hiyo ukiwa umeshika sampuli. Nimesikia watu wakibishana nusu saa kwa yuan moja juu ya kitu ambacho ukubwa wa boksi lake ulikuwa umeshawanyang'anya yuan tano.

Kalenda nayo inapatana bei kwa niaba yako au dhidi yako. Mwaka mpya wa Kichina, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, hufunga viwanda kwa wiki mbili hadi nne, wafanyakazi wakirudi vijijini kwao. Oda ya wiki za mwisho kabla ya hapo hushonwa kwa pupa, na ya wiki za kwanza baada yake hushonwa na mikono mipya. Anayetaka madaftari na mabegi yafike Bariadi kabla ya shule kufunguliwa Januari, aagize katikati ya mwaka uliotangulia.

Jambo ambalo fundi wa gulio analijua vizuri kuliko vitabu vya biashara ni kumwachia mwenzake chakula chake. Mzee wa maksai akiondoka ameumia, msimu ujao atampeleka mnyama wake bora kwa mwingine na kukuletea yule mwenye tatizo. Laoban ni hivyo hivyo. Oda ya kwanza iwe ndogo, bei iwe ya kueleweka, malipo yafike siku iliyosemwa. Oda ya tatu, picha za mzigo mpya zitaanza kufika kwenye simu yako kabla ya wengine, na siku kitambaa kikipanda bei atakwambia ukweli. Kuna wafanyabiashara wa Kitanzania ambao hawajasafiri siku nyingi na bado wanapokea mzigo mzuri, kwa sababu kuna mtu upande wa pili anayewaheshimu. Uhusiano huo haununuliwi kwa punguzo.

Kila kilichokubaliwa kiandikwe. Huko wana vitabu vya oda vyenye nakala: namba ya bidhaa, rangi, idadi kwa katoni, idadi ya katoni, bei, tarehe, na malipo ya awali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30. Ongeza mwenyewe yale ambayo hayamo kwenye fomu: gramu, aina ya zipu, unene. Bandika kipande cha kitambaa kwenye karatasi yako na kingine kwenye yake, mtie sahihi juu ya vyote viwili. Sampuli moja ibaki kwako, ifungwe, isivaliwe.

Ile asilimia 70 iliyobaki usiilipe ukiwa chumbani. Siku ya kupakia, nenda ghalani, au mtume unayemwamini akiwa na sampuli yako mkononi. Usifungue katoni iliyo juu na karibu na mlango. Hiyo imepangwa ifunguliwe. Omba ya katikati ya rundo, safu ya tatu kutoka chini, hata kama vijana wa kupakia watalalamika. Chomoa fulana ya chini kabisa. Iweke kando ya sampuli, pitisha kiganja juu ya moja, kisha juu ya nyingine, vuta shingo, hesabu mishono ya bega. Zikiwa sawa, fungua nyingine mbili kutoka pembe tofauti, kisha lipa.